Kituo cha bure cha wajawazito mjini Houston, kwa macho ya Mkristo aliyeitaka sheria ya mapigo ya moyo

Mlangoni pana bango linalosema kwamba huduma zote ni bure, na katika hilo kituo hiki hakidanganyi: tangu mwishoni mwa Septemba 2021 nimemsindikiza binti mmoja wa usharika wetu mara 5, na hatujaombwa hata senti moja. Jina la kituo sitalitaja, kwa sababu makosa nitakayoyaeleza nadhani yapo hata kwingine, na pia kwa sababu muuguzi mmoja wa pale ametutendea wema ambao baadhi ya ndugu wa binti huyo wameshindwa kuutenda. Kipo kusini-magharibi mwa Houston, katika safu ya maduka, kati ya saluni na ofisi ya kujaza fomu za kodi. Kinaendeshwa na Wakristo, na kazi yake ni kumsaidia mwanamke mjamzito asifike mahali pa kuona kwamba kutoa mimba ndiyo njia pekee iliyobaki.

Mimi ni miongoni mwa waliofurahi Gavana Greg Abbott alipoutia saini Muswada wa Seneti Namba 8 tarehe 19 Mei 2021, nikafurahi tena sheria hiyo ilipoanza kutumika hapa Texas tarehe 1 Septemba. Kwa sheria hiyo, mwaka 2021 daktari alitakiwa kupima kwanza kama kuna mapigo ya moyo, na akiyakuta hakuruhusiwa kuitoa mimba isipokuwa pawepo dharura ya kitabibu; mapigo hayo huanza kuonekana katika wiki ya 6 hivi. Wapo madaktari wanaosema kwamba kinachonaswa na mashine katika wiki hiyo ni msisimko wa umeme wa chembe ambazo hazijawa moyo kamili. Hoja hiyo hainiyumbishi, kwa kuwa ninapoisoma Zaburi ya 139 sioni mahali ambapo Mungu anangoja kiungo fulani kikamilike ndipo amtambue mtu. Kinachonisumbua ni hesabu ya siku. Wiki 6 huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa hiyo hata mwanamke ambaye mwezi wake haubadiliki huwa na takriban wiki 2 tu tangu alipoona siku zimepita. Sisi tulioitaka sheria hii tumemfungia mlango mmoja na kumwonyesha mwingine, na huo tuliomwonyesha ni lazima aukute wazi. Kwa kipimo hicho ndicho ninachokipima kituo hiki.

Siku ya kwanza tuliukuta umefungwa, ingawa taa zilikuwa zinawaka. Tovuti yao inaahidi kipimo cha utrasaundi siku hiyohiyo, na kwa ahadi hiyo binti yule, ambaye hufanya kazi ya zamu katika ghala na hulipwa kwa saa, aliomba ruhusa ya nusu siku. Tulipokelewa kwa tabasamu, tukapewa fomu ya kurasa 4 iliyouliza namba ya simu, dhehebu, jina la baba wa mtoto na nia yake kuhusu mimba hiyo, na baada ya kuijaza yote ndipo tukaambiwa kwamba muuguzi huja Jumanne na Alhamisi tu. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na Jumanne ilikuwa imeshajaa. Tulipoingia garini akaniuliza, “Mama, kama nesi hayupo, kwa nini waliandika leo?” Sikuwa na jibu. Mpinzani wa sheria akikisikia kisa hiki atasema kwamba wanamchelewesha mwanamke makusudi mpaka wiki zimpite. Kwa jinsi nilivyowaona, sidhani. Nadhani ni uhaba wa watu pamoja na uzembe wa kutolisahihisha tangazo. Lakini siku 6 ni siku 6, na anayehesabu wiki hana namna ya kutofautisha uzembe na hila.

Alhamisi yake ndiyo iliyonifanya niendelee kurudi. Muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliipasha moto chupa ya jeli kati ya viganja vyake kabla ya kuimimina tumboni, na alipoona kwamba picha haionekani vizuri kwa juu, kama inavyotokea mara nyingi mimba ikiwa changa, akaeleza kwamba itabidi atumie kipimo cha kuingizwa ndani, akaomba ridhaa, akageuka kutazama ukuta binti alipokuwa anajiandaa. Hakuhubiri. Aligeuza kioo kidogo ili kila anayetaka kutazama atazame, asiyetaka asilazimike. Katikati ya giza la duara palikuwa na kitu kama punje ya haragwe, na ndani ya punje ile nukta iliyokuwa inapepesa haraka haraka. “Ndiyo hiyo inayochezacheza?” binti akaniuliza kwa Kiswahili, na muuguzi, ambaye hakuelewa hata neno moja, akaitikia kwa kichwa. Wiki 7 na siku 2. Kisha akasema wazi kwamba kipimo chao huonyesha tu kama mimba imetunga ndani ya mfuko wa uzazi, umri wake, na kama mapigo yapo. Kwamba hakichukui nafasi ya daktari. Na kwamba akisikia maumivu makali upande mmoja au akitokwa damu aende hospitali mara moja, asiwapigie wao simu kwanza. Akatupatia orodha ya kliniki zinazopokea Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na kukaa nasi karibu saa nzima kujaza maombi.

Ushauri nasaha ni habari nyingine. Mshauri alikuwa mtu wa kujitolea, mwenye moyo mkunjufu, lakini katikati ya maelezo yake alimwambia binti kwamba kutoa mimba husababisha saratani ya matiti. Taasisi za kitaalamu, ikiwamo Jumuiya ya Saratani ya Marekani, zimeshaeleza kwamba ushahidi wa kisayansi hauliungi mkono dai hilo, nami nilimwambia hivyo mlangoni tulipokuwa tunaondoka. Alishangaa kusikia hayo kutoka kwa mtu wa upande wake. Sheria niliyoiunga mkono inasimama juu ya thamani ya uhai. Haihitaji kushikiliwa kwa hofu ya kubuni, na amri ya kutoshuhudia uongo haikuweka msamaha kwa wenye nia njema. Binti alipouliza kama mimi ninaweza kushtakiwa kwa kumwendesha hadi pale, kwa kuwa alisikia kazini habari za fidia ya dola 10,000, mshauri alicheka tu. Angeweza kumjibu kwa sentensi mbili: sheria inamruhusu raia yeyote kumdai fidia isiyopungua kiasi hicho daktari aliyeitoa mimba kinyume cha sheria au aliyemsaidia, mwanamke mwenyewe hawezi kushtakiwa, na kumpeleka mtu kupimwa si kumsaidia kutoa mimba.

Mkalimani hakuna, kwa hiyo nilitafsiri mimi. Msichana wa miaka 22 hapaswi kueleza mambo ya chumbani kwake kwa kupitia mdomo wa mama wa kanisani kwake, hata kama mama huyo anampenda. Wala hakuna aliyetueleza fomu ile ya kurasa 4 inahifadhiwa wapi. Vituo vya namna hii, kwa kuwa havidai malipo kwa kampuni za bima, mara nyingi havibanwi na sheria ya shirikisho ya kutunza siri za wagonjwa.

Vifaa vya mtoto hutolewa kwa pointi. Darasa moja la malezi lina pointi 2, pakiti ya nepi ni pointi 3, na kiti cha mtoto cha gari, ambacho sheria za barabarani za Texas zinakitaka, ni pointi 40. Madarasa ni mazuri, hasa lile la kunyonyesha, ila mtu wa zamu hawezi kuhudhuria mara 20. Najua fedha ni tatizo kwa wengi wao, ingawa Bunge la Texas mwaka 2021 lilitenga dola milioni 100 kwa miaka 2 kwa ajili ya mpango wa jimbo wa kusaidia vituo vya aina hii. Bunge hilohilo lilishughulikia pia Medicaid ya mama baada ya kujifungua, ambayo ilikuwa inaishia miezi 2: Baraza la Wawakilishi lilipitisha miezi 12, Seneti ikaikata hadi 6. Nilimpigia simu seneta wangu mara 3 kuhusu muswada wa mapigo ya moyo. Kuhusu miezi ile 6 iliyokatwa sikumpigia hata mara moja, na jambo hilo limenirudia kila nilipokaa kwenye viti vya plastiki vya chumba kile cha kungojea.

Muuguzi ningempa nyota 5, na kituo chenyewe 3. Anayetaka kwenda apige simu kwanza, aulize nani yupo zamu, asiandike kwenye fomu lolote asilotaka lijulikane, na awe na daktari wake kabla wiki hazijasonga. Binti yetu sasa ana wiki 17 na kadi ya Medicaid mkononi, na pointi zake ni 6. Darasa lijalo ni Jumanne saa 12 jioni. Nilifungua tovuti yao asubuhi ya leo kuhakikisha saa, na tangazo bado linasema kipimo ni siku hiyohiyo.