Mwaka mmoja na klabu ya jogingi: nilicholipia na nilichokipata

Nilijiunga na klabu hii mwanzoni mwa Novemba 2024, wiki 16 kabla ya mbio za Kilimanjaro, baada ya kushindwa mara mbili kujiandaa peke yangu. Jina lake silitaji, kwa sababu mengi ninayoyalalamikia hapa nimeyasikia pia kwa wanachama wa klabu nyingine za Dar es Salaam. Ada ya kujiandikisha ilikuwa shilingi 40,000, ada ya kila mwezi shilingi 25,000, na fulana shilingi 20,000, fulana ambayo ukiifua mara tatu maandishi yake yanaanza kubanduka. Kwa fedha hizo unapata mazoezi matatu kwa wiki chini ya kocha, programu iliyoandikwa, gari la maji siku ya mbio ndefu, na nafasi katika kundi la WhatsApp.

Nianze na programu, kwa kuwa ndiyo iliyotangazwa zaidi na ndiyo isiyostahili kulipiwa. Unaongeza umbali kidogo kidogo kwa wiki tatu, ya nne unapumzisha miguu, unaanza tena, na wiki mbili za mwisho unapunguza ili ufike kwenye mbio ukiwa na nguvu. Nilikuwa na karatasi inayofanana na hiyo karibu kwa kila kitu, nikaibandika kwenye mlango wa friji mwaka 2022 na tena 2023, na mara zote mbili niliishia wiki ya tano. Nilijua la kufanya, ila mtu wa kujua kama nimelifanya hakuwapo. Ongeza na hofu ya kawaida ya mwanamke anayetoka nyumbani peke yake saa kumi na moja alfajiri, giza bado nene, mbwa wa mtaani wamelala katikati ya njia na bodaboda zinapita bila taa. Ukisubiri kuche vizuri, jua la Dar limeshapanda na kazini unangojewa.

Siku ya kwanza ilikuwa Jumanne. Nilifika Coco Beach nikakuta watu kama kumi na wawili wanapasha misuli chini ya taa ya barabarani. Aliyenijia alikuwa mzee wa miaka 63, mwalimu mstaafu, ambaye pale klabuni hakuna anayemwita kwa jina. Nilimwamkia, "Shikamoo Mwalimu," akaitikia, "Marahaba mwanangu, leo uko na mimi," na kabla sijamweleza kwamba mimi si mkimbiaji hasa, tulikuwa tumeshaondoka. Njiani aliniuliza kwetu ni wapi, nina watoto wangapi, nafanya kazi gani, na mchele wa Kyela siku hizi naununua bei gani. Nilidhani ni mazungumzo ya kawaida ya mtu mzima na mgeni, hadi tulipofika karibu na kilomita ya tatu, nikamjibu kwa neno moja kwa sababu pumzi ilikuwa imeniishia, naye papo hapo akapunguza mwendo. "Ukiona huwezi kunijibu sentensi nzima, umezidisha," alisema. "Leo hatukuja kushindana."

Kumbe miaka yote miwili nilikuwa nikikimbia mazoezi mepesi kwa kasi ya mashindano, nikirudi nyumbani nimechoka hoi na siku ya pili nikitafuta sababu ya kutotoka. Watu wengi huingia kwenye makundi wakitarajia kusukumwa, nami nilikuwa mmoja wao, lakini kwa miezi miwili ya mwanzo faida kubwa niliyoipata ilikuwa kuzuiliwa. Klabu imegawa wanachama katika vikosi vitatu kwa mwendo, dakika 6, 7 na 8 kwa kilomita, na kila kikosi kilikuwa na kiongozi wa mbele na kiongozi wa nyuma. Mimi niliwekwa kwenye dakika 8 nikaona nimedharauliwa. Krismasi ilipofika nilikuwa nakimbia na kikosi cha dakika 7 bila mtu yeyote kunihimiza nihame.

Wiki ya tano, ile iliyonishinda mara mbili, iliangukia Desemba na mvua za vuli bado hazijakatika. Klabu ina utaratibu wa kuwapanga wanachama wa mitaa ya jirani waje pamoja, na sisi wa Kinondoni tulikuwa wanne. Alfajiri ya Alhamisi simu iliita nikiwa bado kitandani, nikisikiliza maji yanavyogonga bati la jirani. "Dada, tuko getini kwako," sauti ilisema. Nilikuwa nimeshatunga uongo wangu wa mafua, na nadhani ningeutamka, lakini nyuma ya sauti ile nilimsikia mwenzetu mwingine akipiga miayo, mwayo mrefu wa mtu ambaye naye asingependa kuwa pale. Nilivaa raba. Siku hiyo tulipanda na kushuka kilima cha Chuo Kikuu, Mlimani, mara sita tukiwa tumelowa chapachapa, na hakuna aliyetoa hotuba yoyote ya kutia moyo. Kama ningeambiwa nitaje kitu kimoja nilichokinunua kwa ile shilingi 25,000, ningetaja ule mwayo.

Mbio ndefu za Jumamosi zinastahili maelezo zaidi, kwa kuwa hapo ndipo kukimbia na wenzako kunapokuwa na faida inayoonekana hata kwa macho. Njia yetu ya kawaida inaanzia Coco Beach, inavuka Daraja la Tanzanite lililofunguliwa 2022, kisha inafuata Barabara ya Barack Obama, kupita Hospitali ya Ocean Road na Ikulu hadi Feri, ambako harufu ya soko la samaki inakupa habari kwamba ni wakati wa kugeuza. (Karibu na Ikulu usisimame kujipiga picha, walinzi hawana utani.) Kwenda ni raha tupu. Kurudi, kati ya Desemba na Februari, kaskazi inakupiga usoni pale darajani, na daraja lenyewe linazidi kidogo kilomita moja, hakuna mti wala ukuta wa kujikinga. Kocha alitufundisha kujipanga mstari, aliye mbele akikata upepo kwa muda mfupi kisha akijitoa pembeni na kurudi nyuma. Alitukumbusha Vienna, Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 huku wakimbiaji 41 wakipokezana kumzunguka, na akaongeza kwamba kwa sababu ya msaada huo muda ule haukuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Mwalimu alicheka akasema rekodi yetu sisi ni kufika kwa muuza madafu kabla hajamaliza mzigo. Mara ya kwanza zamu yangu ya kukaa mbele ilipofika, nilihesabu nguzo za taa hadi ya nane, kisha nikajitoa, na nilipoingia nyuma ya migongo ya wenzangu upepo ulipungua ghafla kana kwamba mtu amefunga dirisha.

Jambo jingine nililojifunza Jumamosi ni kunywa na kula njiani. Joto na unyevunyevu wa pwani mwezi Januari hukausha mtu kwa namna ambayo kiu peke yake haikuambii mapema. Mwenzetu mmoja muuguzi ndiye aliyenizoesha kubeba kichupa chenye maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari kidogo, na kunywa mafunda machache kila baada ya dakika kama ishirini badala ya kungoja gari la maji kisha nikagugumia lita nzima. Hayo hayakuwa kwenye programu niliyoilipia. Niliyapata kwa sababu nilikuwa nakimbia ubavuni mwa mtu anayeyajua.

Februari 2025 tulikwenda Moshi watu 26 kwa basi moja. Mbio za Kilimanjaro zimekuwapo tangu 2003, na nusu marathoni yake ya kilomita 21.1 inatoka Uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, inapita mjini, kisha inapanda kuelekea Mweka kabla ya kugeuka na kuteremka. Moshi yenyewe iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuliozoea pwani tulilitambua hilo mapema kifuani. Mteremko wa kurudi ni zawadi, ila kwanza uupande huo mlima, na kupanda kwake si kwa kona moja kali bali ni kwa kuendelea tu, kilomita baada ya kilomita, kati ya migomba na kahawa, watoto wakiwa wamejipanga kando ya barabara kunyoosha mikono wagongewe viganja. Karibu na kilomita ya tisa kichomi kilinibana ubavuni nikaanza kutembea. Mwalimu, ambaye angeweza kabisa kuendelea na mbio zake, alishusha mwendo akawa sambamba nami na kuniuliza, "Mchele wa Kyela bei gani?" Nilishindwa kumjibu kwa kucheka. Alisubiri. Nilipoweza kumpa sentensi nzima, tukaanza tena kukimbia. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 31, yeye hatua tatu nyuma yangu, na hadi leo anakana kwamba alinipisha makusudi.

Ningeandika maoni haya wiki ile, ningetoa nyota tano bila kufikiri. Leo natoa tatu na nusu.

Septemba 2025, Alphonce Simbu alishinda marathoni ya mashindano ya dunia ya riadha jijini Tokyo, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 tu mwishoni, na kuwa Mtanzania wa kwanza kutwaa dhahabu katika mashindano hayo. Kundi letu la WhatsApp halikulala siku hiyo. Jumamosi zilizofuata watu wapya walimiminika, jambo la kufurahisha, na uongozi ukawapokea wote na ada zao bila kuongeza kiongozi hata mmoja. Kikosi cha dakika 8, ambacho ndicho kinachohitaji uangalizi kuliko vyote, kikabaki na kiongozi wa mbele peke yake. Oktoba nilikimbia nacho makusudi ili nimsindikize jirani yangu niliyemshawishi kujiunga. Tulipofika kituo cha maji, gari lilikuwa limeshaondoka kwa sababu dereva aliambiwa wote wameshapita. Jirani yangu alikuwa amebaki na kilomita nne na hana tone la maji. Nilipowaeleza viongozi, nilijibiwa kwamba atazoea. Hakuzoea, kwa sababu hakurudi tena, na ada yake ya miezi mitatu haikurudishwa.

Kuna pia ubaya ambao hauna wa kulaumiwa isipokuwa sisi wenyewe. Kuwa na watu wanaokungoja kunamtoa mtu kitandani siku ya mvua, lakini kunamtoa vilevile siku ambayo alipaswa kubaki. Mwezi Juni nilikwenda mazoezini nikiwa na homa kwa sababu sikutaka jina langu likosekane kwenye orodha ya waliohudhuria inayotumwa kila asubuhi, na nikalipia kwa siku tisa za kulala. Agosti maumivu ya ugoko yaliyoanza kidogo niliyaficha wiki tatu nzima kwa kuona haya kurudi kikosi cha nyuma. Orodha ile ningeifuta kesho kama ningekuwa na mamlaka, au angalau ningeruhusu mtu aandike "naumwa" bila kutumiwa vikatuni vya kumcheka.

Kuhusu michango nitasema machache. Kundi la mazoezi likishakuwa familia, linageuka pia kuwa kamati ya harusi, na kwa mwaka mmoja nimechangia harusi tatu, misiba miwili na kipaimara kimoja cha mtoto ambaye sijawahi kumwona. Silalamiki sana, kwa kuwa mimi nilipofiwa na shangazi Mei, wanaklabu kumi na mmoja walifika msibani Kinondoni moja kwa moja kutoka mazoezini, wakiwa bado na raba zao. Lakini anayejiunga ahesabu na hilo kwenye bajeti, maana kwenye tangazo la ada halimo.

Nimelipa ada ya miezi mitatu ijayo. Kwa mkimbiaji mwenye kasi anayetaka kocha wa kumchambulia hatua na kumpangia mazoezi yake binafsi, klabu hii haitamfaa, kwani kocha ni mmoja na sisi tumeshapita mia moja. Kwa mtu ambaye karatasi yake imekaa kwenye friji tangu mwaka juzi, ningemshauri aje, ila asije kwanza Jumamosi kama wanavyotangaza. Jumamosi atapotelea kwenye umati. Aje Jumanne, afike kabla ya saa kumi na moja na nusu alfajiri, alipe ya siku moja kwa mweka hazina kwa simu, kisha amtafute mzee mwenye kofia ya kijani chini ya taa ya barabarani. Awe tayari na bei ya mchele.