Matembezi ya Mji Mkongwe: tulivyofunzwa kuzisoma nyumba kutoka ukutani

Mimi ni mzaliwa wa Wete, na tangu utotoni kila nilipovuka kuja Unguja niliupita Mji Mkongwe nikiwa na shughuli zangu: Darajani kununua bidhaa, Mnazi Mmoja kumuangalia mgonjwa, Malindi kusubiri boti. Kuutembea kwa ajili ya kuutazama sikuwahi, mpaka mwezi uliopita nilipofuatana na mtoto wa dada yangu, anayesomea ujenzi, katika matembezi ya miguu ya muda wa saa 3 yanayoendeshwa na kampuni moja ya hapo mjini. Wengi wetu tumezoea kuyahesabu matembezi haya kuwa ni mambo ya wageni, nami nimetoka humo nikiamini kwamba mwenyeji ana haja nayo kubwa zaidi.

Tulianzia Forodhani asubuhi. Mbele ya Ngome Kongwe kijana aliyetuongoza alisema kwamba ngome hiyo ilijengwa na Wareno, na hapo niliingiwa na wasiwasi, kwa kuwa walioijenga ni Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Walichokuwa nacho Wareno pahala hapo ni kanisa. Nilimueleza kwa upole. “Ahsante, mama, nitarekebisha,” alijibu, na alirekebisha palepale mbele ya wote, jambo lililonipa imani naye kwa safari yote iliyobaki.

Beit-el-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, tulilitazama kwa nje tu. Jumba hilo alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lililokuwa la kwanza hapa kwetu kuwa na umeme na lifti, liliporomoka kwa sehemu tarehe 25 Disemba 2020 likiwa katika matengenezo, na watu wawili walipoteza maisha. Muongozaji alilieleza tukio hilo kwa adabu na bila ya kulipamba, kisha akatutaka tulibakishe akilini, kwa sababu angetuonesha huko mbele jinsi jengo la mawe na chokaa linavyougua.

Ahadi hiyo aliitekeleza katika mtaa wa Kiponda, na hapo ndipo thamani ya matembezi yote ilipo. Alitusimamisha kwenye kichochoro chembamba mbele ya nyumba mbili zilizogusana. Ya kwanza ilikuwa imepigwa plasta ya saruji. Alipoigonga kwa kidole ilitoa mlio wa kitu kitupu, na karibu na ardhi plasta ilikuwa imefura na kubanduka, chumvi nyeupe ikichungulia kwenye nyufa. Ya pili ilikuwa bado ina chokaa yake, na ilipogongwa ilijibu kwa sauti nzito. Alifafanua kwamba kuta hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikishwa kwa udongo na chokaa, zinanyonya maji ya mvua na ya ardhini, na chokaa huyaachia yakatoka kwa kukauka. Saruji huyafungia ndani. Unyevu ukikosa njia hupanda mpaka kwenye vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani, boriti zikaoza, na dari na sakafu za juu zikakosa pa kujiegemeza. Mtoto wa dada yangu aliyashika yale maplasta mkononi na kuuliza ikiwa mwenye nyumba alijua. Jibu lilikuwa kwamba mara nyingi mwenye nyumba huwa anataka kuitunza. Saruji inapatikana dukani siku hiyo hiyo, na mafundi wa chokaa wamepungua.

Ni kwa boriti hizo hizo pia tulielewa kwa nini vyumba vya nyumba za zamani ni virefu na vyembamba. Boriti ni miti ya mikoko, na urefu wake unaofaa kwa kazi ni takriban mita 3, kwa hiyo upana wa chumba uliamuliwa na mkoko kabla ya fundi kuweka jiwe la kwanza. Nimelala katika vyumba kama hivyo kwa ndugu zangu miaka mingi na sikuwahi kujiuliza.

Kwenye milango alikuwa mzuri vilevile. Alitutofautishia mlango wenye kizingiti cha juu kilichonyooka, ulio wa Kiarabu, na ule wenye upinde juu wa mtindo wa Kihindi, akatuonesha nyororo iliyochongwa kufuata mwimo, yaani mti wa ubavuni mwa mlango, na samaki walio chini yake, na akatuacha tuushike mfaa, yaani mti wa katikati ya mlango, wenye misumari ya shaba. Kuhusu misumari hiyo alieleza kwamba inasimuliwa kuwa huko India ilikuwa kinga dhidi ya tembo, na hapa ikabaki pambo la mwenye uwezo.

Kanisa la Anglikana la Mkunazini, lililosimamishwa juu ya soko la watumwa baada ya soko hilo kufungwa mwaka 1873, lilielezwa vizuri, na penye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo alitupa muda wa kukaa kimya. Sikupenda kwamba baada ya hapo alianza kwenda mbio. Hamamni, nyumba ya kuogea aliyoijenga Barghash kwa matumizi ya umma, ilipewa dakika chache tu, ingawa vyumba vyake ni somo kamili la ufundi wa chokaa. Msikiti wa Malindi, wenye mnara wa umbo la pia usio wa kawaida katika pwani yetu, haukufikiwa kabisa.

Lawama yangu kubwa kwa kampuni ni idadi ya watu. Tulikuwa 19, na katika vichochoro ambavyo watu wawili hupishana kwa kupeana mabega, waliokuwa nyuma hawakusikia nusu ya maelezo. Kikongwe aliyekuwa amekaa barazani kwake alilazimika kuikunja miguu ili sote tupite, na niliona haya kwa niaba yetu. Kwa matembezi ya namna hii watu 8 wangetosha.

Hata hivyo nitarudi, na nitawachukua wanangu. Ningewashauri wanaokusudia kwenda waombe kundi dogo siku za kazi na waombe waziwazi kwamba maelezo yatolewe kwa Kiswahili, kwa sababu muongozaji wetu alipoanza kutaja boriti, zidaka (vishubaka vya ukutani) na daka (ukumbi wa mlangoni) kwa majina yake, maelezo yake yalikuwa marefu na ya ndani zaidi kuliko alivyowaeleza wageni. Baada ya kuagana naye, mimi na mtoto wa dada yangu tulikwenda Malindi wenyewe kuutazama mnara.