Mashine ya mahudhurio: nenda dukani na mkosha vyombo wako

Mwaka jana nilinunua Kariakoo mashine ya kusainisha wafanyakazi kwa kidole, kwa ajili ya jiko langu la chakula cha maofisini. Kidole changu ilikisoma papo hapo. Cha keshia pia. Ikaja zamu ya dada anayekosha vyombo, ikakataa. Akakifuta kwenye kanga, akakipuliza, akakisugua kwenye paji la uso kipate mafuta kidogo. Ikakataa. Mwisho wa mwezi karatasi inamwonyesha mtoro wa siku kumi na moja, na yeye ndiye anayefungua geti!

Kwa hiyo sitakuchosha na ukubwa wa kioo wala kumbukumbu. Uliza moja tu: inasoma kidole kilicholika? Mashine nyingi hazitunzi picha ya kidole. Zinaokota mahali mistari ya ngozi inapokatika au kugawanyika panda, zinageuza kuwa namba. Sabuni, jiki, saruji na jembe vikishailainisha hiyo mistari, hakuna cha kuokota. Bibi yangu mkulima alikwama hapohapo 2019, tulipoanza kusajili laini kwa alama za vidole.

Ya kwanza kwangu ni ya kampuni ya ZKTeco yenye kihisi (sehemu inayosoma kidole) cha SilkID, mfano SilkBio-101TC. Naipendelea, sifichi, na hawanilipi hata mia. Kihisi hicho kimetengenezwa kwa vidole vikavu, vilivyolowa na vyenye sugu. Hakikisha neno SilkID limeandikwa, maana ZKTeco wana mashine chungu nzima na si zote zinacho.

Ya pili, yenye kihisi cha Lumidigm cha kampuni ya HID. Hii inamulika kwa mwanga wa rangi tofauti mpaka chini ya ngozi ya juu, kwa hiyo kidole kikilika bado kinasomeka. Ila bei yake ni ya benki, si ya mama lishe.

Za uso ni za tatu. Barakoa na jua la dirishani vinazichanganya.

Za bei chee zisizo na jina, pita.

Halafu hawa wauzaji! "Ukifungua boksi umenunua, mama." Nikienda peke yangu natajiwa bei hii, nikirudi na kaka yangu imeshuka. Safari ya pili niliingia na dada wa vyombo, nikataka mashine ichomekwe kwanza. Muuzaji akatutazama: "Kwani mnunuzi nani?"

Nikauinua mkono wa dada.