Kihisi joto cha vifaranga cha 868 MHz: uzoefu wangu hapa Busia

Kwa wenye haraka: kifaa kinafaa, nunueni. Ila kabla hamjatoa pesa, kigeuzeni mgongo msome namba ya masafa, yaani ile ya mawimbi ya redio inayoandikwa MHz (megahezi). Kama imeandikwa 868 MHz, endeleeni kupatana bei. Kama ni 915, kirudisheni kwenye rafu hata mkiambiwa ni nusu bei. Waliobaki na nafasi wasome sababu, kwa maana hakuna muuzaji aliyewahi kunieleza haya, na yamenigharimu vifaranga.

Nafuga kuku Busia, upande wa Uganda. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi tatu kila wiki mpaka aote manyoya. Wengi wetu tunatumia sigiri za mkaa, kwa sababu taa za umeme ni gharama na umeme wenyewe hauaminiki. Sigiri ikififia usiku wa manane, vifaranga wanarundikana kona moja wakitafuta joto, na walio chini wanakosa hewa. Mfugaji yeyote anajua asubuhi ya namna hiyo inavyokuwa. Ndiyo maana nilitaka kitu cha kuniamsha: vihisi vidogo bandani, kipokezi ndani ya nyumba, na king'ora kinacholia joto likishuka chini ya kiwango nilichoweka.

Seti ya kwanza niliinunua katika duka moja mjini Kampala. Boksi lilikuwa zuri, lina picha ya nyumba yenye theluji juu ya paa, ila masafa hayakutajwa mahali popote. Muuzaji aliniambia kinafanya kazi popote duniani. Nyumbani kilianza vizuri, halafu namba zikaanza kuganda. Kipokezi kilikuwa kinaonyesha joto la saa mbili zilizopita kana kwamba ni la sasa. Mtu akipiga simu akiwa amekaa karibu nacho, ndiyo kabisa. Usiku mmoja sigiri ilizimika, king'ora hakikulia, na nikaingia bandani alfajiri nikakuta nilichokuwa naogopa.

Nilikipeleka kwa fundi wa redio hapa mjini, mzee aliyeanza kazi hii enzi za redio za betri kubwa. Alifungua kifuniko cha betri, akavaa miwani, akanionyesha stika ndogo sana: 915 MHz.

"Mama, hiki ni cha Wamarekani," alisema. "Huku kwetu kinaongea palepale simu zinapoongea."

"Sasa muuzaji alisema ni cha dunia nzima, Mzee."

"Muuzaji anauza boksi. Mawimbi hayajui boksi."

Kisha akachukua kalamu akanichorea mstari nyuma ya risiti. Simu zetu zinazotumia bendi ya 900, yaani kipande cha masafa cha karibu megahezi 900, zinatuma kwenda mnarani kati ya megahezi 880 na 915, na mnara unazijibu kati ya 925 na 960. Kifaa changu kilitengenezwa kwa ajili ya bendi ya 902 hadi 928, ambayo Marekani wameiacha wazi kwa vifaa vidogo visivyo na leseni. Kwa hiyo mwanzo wa bendi hiyo unakaa juu ya sauti ya simu zetu, na mwisho wake unagusa sauti ya mnara. Kipokezi dhaifu kama kile, kilichoachwa wazi kusikiliza bendi nzima, kinazibwa masikio na simu iliyo mezani.

Kwa nini basi kwao kinafanya kazi? Kwa sababu simu zao za bendi ya 850 zinatuma kati ya 824 na 849, na minara yao inajibu kati ya 869 na 894. Yaani kifaa cha 868, ambacho kwetu kiko salama, kwao kingekuwa mlangoni pa mnara. Kila upande uliweka simu zake pale ambapo upande mwingine uliweka vifaa vidogo. Hakuna aliyekosea. Kinachokosewa ni kubeba kifaa cha upande mmoja na kukiuza upande mwingine bila kumwambia mnunuzi.

Waganda wenzangu jambo hili tunalijua tayari, kupitia magari. Ukiagiza gari la zamani kutoka Japani, redio yake inaishia megahezi 90, kwa sababu FM ya Wajapani ilianzia 76 na kuishia hapo. Stesheni ya CBS 88.8 unaipata. Capital 91.3 huipati mpaka fundi akufungie kile kiboksi cha kushusha masafa. Ufunguo wa mbali wa gari hilohilo nao mara nyingi unatuma karibu na 315, wakati wa gari lililotengenezwa kwa ajili ya Ulaya unatuma 433. Tofauti ni kwamba redio ya gari isiyoshika stesheni unaigundua siku ya kwanza. Kihisi cha bandani kinakudanganya polepole.

Kuna jambo la pili ambalo lilinisumbua zaidi nilipolielewa. Kile kifaa hakikuwa kinaumia peke yake. Kilikuwa kinatuma ndani au ukingoni mwa masafa ambayo mnara unasikilizia simu za watu. Nguvu yake ni ndogo, ndiyo, lakini mnara unategea sauti ndogo kutoka mbali, na mtu aliye pembezoni anayejaribu kumpigia mkunga usiku hana sababu ya kushindana na banda langu la kuku. Nilikizima siku hiyohiyo.

Seti ya pili, ndiyo hii ninayoisifia, niliichukua kwa muagizaji mwingine ambaye nilimuuliza maswali mawili tu: ni masafa gani, na je, kina idhini ya UCC? UCC, yaani Tume ya Mawasiliano ya Uganda, ndiyo inayosimamia masafa nchini na kuidhinisha vifaa vya redio, chini ya Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013. Huyu hakubabaika. Alinitolea karatasi, na namba ya modeli kwenye karatasi ilikuwa ileile iliyo mgongoni mwa kifaa. Linganisheni hizo namba mbili, tafadhali, maana karatasi ya modeli nyingine haina maana yoyote. Bei ilikuwa juu kidogo ya ile ya kwanza. Nililipa bila kinyongo.

Vihisi ni vidogo, vinaingia kiganjani, kila kimoja kina antena fupi ya kama sentimita nane na betri mbili ndogo. Vinatumia teknolojia ya LoRa, ambayo inatuma polepole sana ili ujumbe ufike mbali kwa nguvu kidogo. Kutoka bandani hadi chumbani kwangu kuna shamba la migomba katikati, na majani yake yakilowa mvua hupunguza mawimbi, lakini bado namba zinafika. Kilichonipa taabu ni mabati. Nilipotundika kihisi juu karibu na paa, mawasiliano yalikuwa ya kusuasua. Nilipokishusha usawa wa dirisha la wavu, yakanyooka. Na kwa vifaranga ni bora hivyo pia, kwa sababu joto unalotaka kulijua ni la mgongo wa kifaranga, siyo la paa. Weka kihisi chini kadiri unavyoweza, mbali na mdomo wa sigiri, na nje ya njia ya maji.

Kuna watu wameandika malalamiko kwamba kifaa "kimelala" kwa sababu hakitumi kila sekunde. Changu kinatuma kila baada ya dakika kumi, na mapema zaidi joto likiporomoka ghafla. Huo si ubovu, ndiyo kanuni. Kwenye kijitabu chake imeandikwa kwamba kimetengenezwa kwa vipimo vya Ulaya, na vipimo hivyo kwa kipande cha 868.0 hadi 868.6 ni nguvu isiyozidi miliwati 25 na kukaa hewani asilimia moja tu ya muda. Asilimia moja ya saa ni sekunde 36. LoRa ikiwekwa kwenye mwendo wa polepole kabisa, ujumbe mmoja mfupi unaweza kula zaidi ya sekunde nzima, kwa hiyo hesabu inaisha haraka. Sharti hilo ndilo linalofanya wote tuenee. Jirani yangu akifunga kipima maji, na kliniki ikafunga kipimajoto cha friji ya chanjo, na kila kimoja kikanyamaza asilimia 99 ya muda, hatutasikia kwamba tuko wengi. Siku kimoja kikianza kuropoka bila kukoma, sote tumekwisha.

Na hapo ni vizuri mjue hadhi ya vifaa hivi. Hulipii leseni ya masafa, lakini pia huna wa kumlalamikia. Duniani kote vifaa vidogo vya namna hii, vinavyotuma umbali mfupi, vinakaa kama mgeni: haviruhusiwi kumsumbua mwenye leseni, na vikisumbuliwa havina haki ya kulindwa. Ukilijua hilo mapema, hutaweka maisha ya mtu kwenye king'ora cha redio peke yake. Mimi bado naamka mara moja usiku kuangalia sigiri wiki ile ya kwanza.

Nilijaribu pia kihisi cha bei rahisi cha 433 cha rafiki yangu mwenye duka karibu na barabara ya forodha. Nacho kinakubalika upande wetu wa dunia, ila hapa Busia bendi hiyo ina kelele. Malori yanapanga foleni mpakani, kila dereva anafunga na kufungua kwa rimoti, nyingi zikiwa kwenye 433.92 ileile. Kwa mtu aliye kijijini ndani kabisa ningesema kitamtosha. Kwa mtu wa mjini au wa mpakani, ongezeni pesa kidogo mpate 868.

Dada yangu ameolewa ng'ambo, Busia ya Kenya, naye alinunua seti kama yangu Nairobi. Inafanya kazi vilevile. Umoja wa Mawasiliano wa Kimataifa, ITU, umeigawa dunia kanda tatu, na Uganda, Kenya, Tanzania, Afrika nzima pamoja na Ulaya tuko Kanda ya 1. Marekani ni Kanda ya 2. Lakini kuwa kanda moja hakutoshi, kwa kuwa kila nchi bado inaandika orodha yake ya nini kinaruhusiwa na kwa nguvu gani, na muagizaji anatafuta kibali kila upande wa mpaka. Mawimbi hayasimami forodhani. Kihisi cha dada yangu kikitoa sauti, hewa yake ni hewa yangu. Tunayo EACO, jumuiya ya mamlaka za mawasiliano za Afrika Mashariki yenye makao Kigali, na tunao Umoja wa Mawasiliano wa Afrika kule Nairobi. Ulaya walishakaa pamoja wakaweka vifaa hivi kwenye waraka mmoja, ERC 70-03, na mwaka 2006 Umoja wa Ulaya ukatoa uamuzi wa kuoanisha masafa hayo kwa nchi wanachama. Kwa maoni yangu sisi tunahitaji kitu cha namna hiyo kinachosomeka na mtu wa kawaida: ukurasa mmoja, bendi, nguvu, muda wa hewani, kwa Kiswahili, ubandikwe kila duka la vifaa vya umeme kuanzia Mombasa hadi Kasese. Kibali kilichotolewa upande mmoja kitambuliwe upande wa pili. Bei zingeshuka, na wauzaji wa vitu visivyo vya kwetu wangekosa pa kujifichia.

Sasa kasoro za seti yenyewe. Programu yake ya simu ni ya Kiingereza na Kichina tu, na msichana anayenisaidia bandani alibidi akariri alama badala ya kusoma. King'ora cha kipokezi ni kidogo, ukiwa na usingizi mzito mvua ikipiga mabati hukisikii; mimi nimeweka simu ipokee taarifa pia. Vumbi la maranda linaziba vitundu vya kihisi, na likishaziba, kipimo cha unyevu kinaanza kusema uongo ingawa cha joto kinabaki sawa. Futa kwa brashi laini kila unapobadilisha maranda, usipulize kwa mdomo. Umeme ukikatika kipokezi kinazimika, kwa hiyo kiunganishe na pawabanki au betri ya sola tangu mwanzo. Betri za vihisi, kwa upande mwingine, hazijanisumbua hata kidogo. Zilizokuja nazo ndizo zinazofanya kazi mpaka leo.

Nyota nne. Ya tano wataipata wakiweka Kiswahili kwenye programu na wakiandika masafa juu ya boksi kwa herufi zinazosomeka bila miwani.

Mmoja aliniuliza kuhusu antena ya ziada. Inawezekana, lakini nunueni ya 868. Antena fupi ya robo wimbi (yenye urefu wa robo ya wimbi lake) ya 433 ni ndefu karibu mara mbili, na urefu huo haukuongezei kitu hapa. Na antena kubwa ya juu ya paa inaweza kuivusha nguvu ya kifaa kupita kile kilichoidhinishwa, kwa hiyo mwulizeni fundi kabla ya kuifunga, siyo baada.