Tuliita wanasarakasi wa familia moja Bagamoyo Idi Pili, haya ndo maoni yangu

Kama unatafuta burudani ya watoto Bagamoyo na umechoka kukodi MC na mziki wa kupasua masikio, kuna familia moja ya sarakasi pale Magomeni, mzee, mabinti zake wawili, mkwe mmoja na wajukuu. Sisi tuliwaita Idi Pili uani kwa shangazi na mpaka leo watoto wanapiga samasoti kwenye makochi. Hawana bango wala ukurasa wowote, ukifika muulize bodaboda mzee wa sarakasi anakaa wapi.

Bei laki mbili na nusu, nusu unatanguliza. Shangazi alisema nyingi. Mimi baada ya kuona kazi yenyewe nasema ni ndogo na msiwapunje jamani.

Shoo ilikuwa saa kumi, wao saa nane wamefika. Nikamwambia shikamoo mzee, mmewahi sana, akasema kwanza anataka kuiona ardhi. Akavua viatu akatembea peku uwanja mzima taratibu anapapasa kwa nyayo, akatoa visoda, kipande cha chupa na vifuu viwili, halafu akapigilia kigingi katikati akafunga kamba akazunguka nayo anamwaga majivu mpaka duara likakamilika. Ndani wachezaji, nje watazamaji, na hakuna mtoto anavuka hata kama mama yake ndo mwenye shughuli.

Kabla hawajaanza akawapa watoto hadithi ya hilo duara na hapo ndo alinikamata kabisa. Kuna Mwingereza anaitwa Philip Astley, alikuwa askari wa farasi, mwaka 1768 akaanza kuonyesha michezo ya farasi London na akagundua farasi akikimbia kwa kuzunguka basi ile nguvu ya mzunguko inamsaidia mtu kusimama mgongoni asidondoke, ndo maana uwanja wa sarakasi ni duara na kipimo chake cha futi 42, kama mita 13 hivi, kinatumika mpaka leo. Mkewe Patty naye alikuwa anapanda farasi kwenye shoo na mtoto wao John akaingia uwanjani akiwa bado mdogo. Yaani tangu mwanzo hii ni kazi ya familia! Astley alifariki Paris 1814, John akashika usukani lakini naye akafariki 1821, miaka saba tu. Mzee aliisema hiyo sehemu taratibu, na nadhani ndo sababu yeye hajasubiri, kundi ameshamkabidhi binti mkubwa aliyepita TaSUBa (chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo), akiwa bado na nguvu za kumsahihisha.

Yeye mwenyewe alifundishwa Dar ujanani na mmoja wa wale vijana waliopelekwa China miaka ya 60 kusomea sarakasi. Kundi lake la kwanza lilikuwa la marafiki, likavunjika kwa sababu ya hela, akaanza upya na wanawe hapo hapo nyumbani kwenye mchanga. Wajukuu mazoezi ni baada ya shule, na aliyekosa shule siku hiyo hachezi.

Sasa shoo. Visahani juu ya fimbo, baiskeli ya tairi moja, yule binti mdogo anajikunja mpaka kisigino kinagusa sikio, vyote safi. Ila ngoja niseme la piramidi. Binti mkubwa na mumewe chini, wengine juu yao, mjukuu anapanda kileleni, na mzee kasimama nyuma mikono imefunguka nusu, yeye watazamaji hata hana habari nao, macho yake yako kwenye mguu wa mtoto tu. Ule mguu ukatetemeka kidogo, sisi wengine hata hatukuona. Akasema shuka, wakashuka wote kimya kimya mmoja mmoja. Watu wakapiga kelele warudie, mjomba mmoja akatoa elfu kumi kabisa, mzee akakataa, akaita mchezo unaofuata. Mimi kwa hilo tu nampa nyota zote, maana nimeshaona kundi lingine kwenye harusi mtoto anarudishwa juu analia kisa watu wanatunza.

Mapungufu yapo. Spika yao ni mbovu, inakoroma, hadithi ya Astley waliokaa nyuma hawakuisikia. Mapumziko ya katikati yalikuwa marefu watoto wakaanza kutawanyika, na vichekesho vya mkwe vinajirudia. Pia uwanja wako uwe wa mchanga au majani, kwenye sakafu ya simenti hawachezi hata uongeze hela, na magodoro mawili unaandaa wewe.

Idi ijayo tumeshawawekea oda, spika naleta mimi.