JP-4 na JP-8: Ipi humdhuru zaidi fundi wa ndege?

JP-4 na JP-8 ni mafuta ya ndege za jeti za kijeshi. Jeshi la Anga la Marekani lilitumia JP-4 tangu 1951 hadi katikati ya miaka ya 1990, lilipokamilisha kuhamia JP-8. JP-4 ni mchanganyiko wa petroli na mafuta ya taa. Mvuke wake huwaka hata kwenye baridi kali, na una benzini nyingi zaidi, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Kwa moto, basi, hakuna mjadala: JP-8 haitoi mvuke wa kutosha kuwaka mpaka ifike nyuzi joto 38 hivi.

Kwa ngozi mambo ni mengine. JP-8 ni ya mafuta ya taa, haikauki upesi. Ikilowesha ovaroli hubaki pale, ikiwasha na kukausha ngozi, na harufu humfuata fundi hadi nyumbani. Injini ikiwashwa kwenye baridi hutema matone madogo yanayovutwa puani. Anayeumia zaidi ni yule anayejipenyeza ndani ya tangi kuling'oa sifongo la kuzuia mlipuko lililolowa mafuta.

Mimi ningechagua JP-8, ila glavu zisizopitisha mafuta na kifaa cha kupumulia ni lazima.