Vifaa vya kuvuna "umeme unaopotea" kwenye nyaya: usinunue

Vifurushi hivi vinavyotangazwa kwa wateja wa Dar vinafanana kwa ndani: koili ya waya wa shaba wenye vanishi, kapasita, daraja la dayodi nne (la kugeuza umeme wa kwenda na kurudi uwe wa upande mmoja), sakiti ya kupandisha volti na betri ndogo ya lithiamu. Mnunuzi anaambiwa aweke koili karibu na nyaya za umeme mkubwa, kisha achaji simu bila kununua LUKU. Tunavipa alama 1 kati ya 5, wala si sifuri, kwa sababu waya wake unafaa kwa kazi nyingine.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayofichwa. Chukua koili kubwa kabisa ambayo mtu anaweza kuibeba: fremu ya mita 1 kwa mita 1, mizunguko 1,000 ya waya wa milimita 0.5. Hapo umetumia kilomita 4 za waya, karibu kilo 7 za shaba, wenye ukinzani wa omu 350 hivi. Tuseme chini ya njia ya kilovolti 132, kama zinazoingia Ubungo, uga wa sumaku (nguvu ya sumaku inayozunguka nyaya) ni mikrotesla 2. Kwa hezi 50, koili hiyo inatoa volti 0.63, na nguvu ya juu kabisa unayoweza kuitoa ni miliwati 0.28. Ukiiacha ifanye kazi usiku na mchana, uniti moja ya LUKU (kilowati-saa 1) itakuchukua zaidi ya miaka 400. Chaja ya kawaida ya simu inahitaji wati 5.

Hata hizo miliwati ni za kubembeleza. Fremu lazima isimame wima na kufuata mwelekeo wa nyaya. Ikikingama, volti inashuka hadi karibu na sifuri. Daraja la dayodi za silikoni linakula volti 1.2 hivi, kwa kuwa mkondo unapita dayodi mbili kila mara, wakati volti ya koili, hata kwenye kilele cha kila mzunguko, ni 0.89 tu. Kwa hiyo hakuna kinachopita. Dayodi za Schottky zinapunguza hasara, na kapasita ya mikrofaradi 3 hivi ikioanishwa vizuri na koili inaweza kupandisha volti mara tatu. Muuzaji atakuonyesha multimita ikipanda na utaamini. Lakini volti imepanda bila nguvu kuongezeka: dari ni ile ile miliwati 0.28, na sakiti ya kupandisha nayo inadai chake. Mwambie aunganishe mzigo wa kweli, hata balbu ya wati 1, kisha asome tena.

Neno "unaopotea" lenyewe si kweli. Uga unaozunguka waya haumwagiki hewani. Nishati yake hutoka na kurudi kwenye njia, mzunguko baada ya mzunguko. Koili yenye mzigo ndiyo inayoifanya isirudi, na mtambo unaozalisha, Kinyerezi au kwingine, unafidia. Ni umeme wa mtu, umelipiwa gesi na maji, na usiposomwa na mita unaingia kwenye hasara ya mtandao ambayo wateja wote wanaibeba. Kwa miliwati 0.28 hakuna atakayeumia, tunakubali. Ila mwenye kutafuta koili kubwa zaidi anatafuta kuchukua zaidi, na hapo hoja ya "takataka za nyaya" inakuwa kisingizio. Sheria ya Umeme ya 2008, Sura ya 131, inakataza kutumia umeme wa mtandao kwa njia isiyoidhinishwa. Kwa maoni yetu, kutozigusa nyaya si kinga mbele ya hakimu. Na kuweka fremu ndani ya mkuza (ukanda wa ardhi uliotengwa chini ya nyaya) wa njia ya umeme bila ruhusa ni kosa la pili juu ya la kwanza.

Kuna kifaa cha aina nyingine ambacho kinafanya kazi kweli, na hicho ndicho kinachotutisha: kiini cha chuma kinachofunguka na kufungwa kuzunguka waya, mfano wa klampu mita, kipimo cha mkondo kinachobana waya. Mashirika ya umeme hukitumia kuendesha vihisi vyao juu ya njia, na kwenye waya wa ampea 100 kinaweza kutoa wati kadhaa. Raia hana namna halali ya kukifunga. Nyaya za kilovolti 11 na 33 mitaani nyingi ziko uchi, na umeme wake unaruka hewani kabla mkono haujafika. Ukikifunga kwenye kebo ya kuingilia nyumbani, fezi na niutro ziko pamoja, uga wake unafutana, unapata sifuri. Tena koili iliyoviringwa kwenye kiini hicho ikiachwa wazi, bila mzigo, wakati waya una mkondo mkubwa, volti hupanda kiasi cha kuua au kuunguza.

Kama unalima mchicha au una banda jirani na mkuza, fedha yako ielekeze kwenye erthi (waya wa kupeleka umeme ardhini), maana bati na senyenge zilizo karibu na njia hupata umeme. Bati la mita za mraba 10 kwenye uga wa umeme wa kilovolti 1 kwa mita linapata mikroampea 28 hivi, mchomo mdogo tu. Senyenge ndefu inayokwenda sambamba na njia ni hatari zaidi: volti yake hukua na urefu, na siku njia ikipata hitilafu inaweza kuua. Ikatwe vipande, kila kipande kipate erthi yake, na kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji.

Anayetaka kuchaji simu anunue paneli ya sola ya wati 10 na chaji kontrola. Kwa jua kali la Dar la muda wa saa nne kila siku, inatoa watisaa 40 kwa siku. Koili yetu ya kilo 7 inatoa watisaa 0.0067. Na aliyekwisha kununua kifurushi atoe dayodi na betri, kisha waya ampelekee fundi wa kuviringa mota, mradi vanishi haijakwaruzwa.